Barua ya wazi kwa kamati ya mashindano ya mitumbwi: tunaomba wapiga kasia wetu waonekane majini

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wote wa kamati inayoandaa mashindano ya mitumbwi ya mwalo wetu,
Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria.

YAH: KUONEKANA KWA WAPIGA KASIA MAJINI NA HALI YA WANAOJITOLEA SIKU YA MASHINDANO

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe,

Nawasalimu nyote, na shikamoo kwa wale mnaonizidi umri.

Mimi ni yule mama wa boya. Mwaloni wengi wananiita hivyo, nami nimelizoea jina. Nilipiga kasia timu ya wanawake kwa miaka sita. Bega lilipoanza kunisumbua nikaomba kujitolea, nikapewa boya la kugeuzia, na tangu hapo sijalihama. Nakaa kwenye mtumbwi mdogo uliotia nanga karibu na boya, nikiwa na daftari, kalamu mbili na kijana mmoja wa kunisaidia. Naandika namba ya kila mtumbwi unaogeuka na kuangalia asiwepo wa kukata kona. Kazi hii naipenda. Ukikaa pale unausikia mtumbwi kabla hujauona vizuri: sauti ya anayeongoza wimbo, makasia kumi yakiingia majini kwa pamoja, kisha pumzi. Kwenye kona ndipo unapoitambua timu iliyofanya mazoezi.

Sikutaka kuandika barua hii hadharani. Ya kwanza niliileta kwa mkono wiki mbili baada ya mashindano ya mwaka jana, nikasaini daftari la kupokelea. Ya pili nilimkabidhi Katibu nje ya msikiti, naye akaahidi kuisoma kikaoni. Mara ya tatu niliomba nipewe dakika kumi za kuzungumza nanyi. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, nikaambiwa muda umekwisha. Jibu nililopata hadi leo ni la simu, maneno mawili: linafanyiwa kazi. Sasa fomu za usajili za mwaka huu zimeanza kugawiwa, na ratiba iliyobandikwa mwaloni ni ileile ya mwaka jana, mstari kwa mstari. Nimeona nikinyamaza tena nitakuwa nimeshiriki.

Jina la kamati sijalitaja, wala la mdhamini. Sitafuti kumvunjia mtu heshima. Mnajijua, nasi tunawajua, na wengi wenu ni watu tuliokua pamoja.

Kwanza niwaeleze kilichotokea, kwa sababu taarifa yenu ya mashindano ilikiita "hitilafu ndogo wakati wa kurejea".

Mwaka jana mgeni rasmi alitarajiwa saa 8 mchana. Alifika saa 10 na nusu. Zikafuata hotuba, ngoma na picha na wadhamini. Fainali ya wanaume ilianza saa 11:40 jioni. Ya wanawake, ambayo kwenye ratiba ilikuwa ya saa 10, ikaanza saa 12:35. Jua lilikuwa limeshagusa vilima vya upande wa Sengerema. Nilimpigia simu mjumbe aliyekuwa kwenye mstari wa kuanzia, nikamwambia huku kwenye boya namba zimeanza kunipotea. Akanijibu kwamba watu wamesubiri sana, acha wamalize.

Mitumbwi sita ilinifikia. Namba nne niliziandika kwa uhakika, mbili nilizikisia kwa sauti za waimbishaji. Wakageuka, wakaelekea mwaloni. Mnaijua ile miamba nyuma ya mwalo. Mchana ni fahari ya mji wetu, lakini jua likizama huwa myeusi kama masizi, na chochote kilicho mbele yake kinamezwa. Wakati huo boti ya injini iliyotoka visiwani na mizigo ilikuwa inaingia kutoka upande wa ziwa, ikielekea mwalo huohuo. Hakuna aliyewaarifu kwamba njia ina mashindano. Nahodha wake alikuja baadaye akaeleza, nami namwamini, kwamba mbele yake aliona miamba na kivuli cha miamba, watu hakuwaona. Boti iliupiga mtumbwi wa tano ubavuni, upande wa nyuma, pale anapokaa mshika usukani. Mtumbwi ukapinduka. Wanawake 11 wakawa majini.

Sisi tulikuwa karibu kuliko wengine wote. Kijana wangu alikata kamba ya nanga kwa kisu, hakuingoja nanga ipande, akaanza kupiga kasia. Mimi nikawasha tochi ya simu. Tochi ya simu juu ya maji usiku ni kitu kidogo mno: inamulika povu, mwanga unakurudia machoni, na hatua kumi mbele huoni chochote. Nilichokiona kwanza ni dumu la njano lililokatwa, lile la kuchotea maji ndani ya mtumbwi, likielea peke yake. Cha pili ni kilemba cheupe cha dada mmoja aliyekataa kukivua kabla ya resi. Zile jezi za buluu iliyokoza mlizowapa sikuiona hata moja mpaka nilipoigusa kwa mkono.

Nikahesabu vichwa vilivyoshikilia mtumbwi, pamoja na wawili tuliokwisha wapandisha. Kumi. Nikahesabu tena. Kumi. Nikawaita kwa majina, maana wote nawajua, na jina moja halikuitika. Dakika zile sitaki kuzieleza. Halafu tukasikia mtu anagonga mbao, ngo, ngo, ngo, upande wa pili wa mtumbwi uliopinduka. Ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Mtulinga ulikuwa umevunjika, mkono mmoja hauinuki, sauti imemkauka kwa maji aliyokunywa, na kwa ule mkono mzima alikuwa anagonga. Alikuwa mmoja wa wanne waliovaa jaketi okozi. Ndilo lililomshikilia juu.

Wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka kwenda kazini waliona tunahangaika, wakageuza, wakawasha taa zao za sola. Papo hapo nikaziona nyuso zote 11. Wavuvi wale hawakuwa kwenye ratiba ya mtu, na hawakuwa wamealikwa kwenye sherehe. Walikuja kwa sababu waliona watu majini, na walituokoa kwa sababu walikuwa na taa.

Kutokana na usiku ule, na kutokana na miaka niliyokaa pale kwenye boya, nina malalamiko haya.

1. Saa ya kuanza.

Sisi tuko karibu sana na mstari wa Ikweta, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwake. Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni hivi, kutegemea mwezi. Likishazama tunabaki na dakika kama 20 za kuona, kisha giza. Huku hakuna jioni ndefu. Kwa hiyo kuanzisha resi saa 12:35 ni kuwatuma watu gizani kwa makusudi, hata kama aliyepiga filimbi bado anaona daftari lake.

Na kuna jambo ambalo wanawake wa timu zote wameniomba nilitaje. Kila ratiba ninayoikumbuka imeiweka fainali yao mwisho. Ucheleweshaji wote wa siku, wa mgeni, wa spika kuharibika, wa mzozo wa usajili, unamiminikia kwao. Wanaume wakichelewa wanashindana jua likiwa bado juu ya vilima. Wanawake wakichelewa wanashindana gizani. Dada zetu hawa wameamka alfajiri, wamekaanga samaki na kuwahudumia mashabiki, kisha wanaingia majini wakati maaskari na wapiga picha wameshaanza kuondoka.

2. Jezi.

Najua rangi ya jezi huchaguliwa na mdhamini. Baada ya ajali nilitaka kujua kwa macho yangu kama rangi ina maana yoyote, au ni mimi tu niliyechanganyikiwa usiku ule. Jioni moja mimi na vijana wanne tulisimika miti mitano mwaloni, kila mmoja tukauvisha jezi ya rangi yake: buluu iliyokoza, nyekundu, nyeupe, njano ya limau, na ya tano nyeusi ambayo tuliibandika vipande vya riflekta kifuani na mabegani. Tukarudi nyuma hatua 150, tukakaa chini, tukatazama jua likizama.

Buluu na nyeusi zilikwenda mapema, hilo nililitarajia. Iliyonishangaza ni nyekundu. Mchana ndiyo inayopiga kelele kuliko zote, na timu mbili kati ya zetu huivaa kwa kujiamini kwamba wanaonekana. Mwanga ulipofifia ikageuka nyeusi kabla ya nyingine. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alinieleza sababu: mwanga ukipungua, jicho la binadamu hupoteza uwezo wa kuona nyekundu kwanza. Njano ya limau, ile inayong'aa kama ya vizibao vya bodaboda, ilidumu pamoja na nyeupe mpaka tulipoanza kupapasa njia. Giza lilipokamilika, hizo nazo zikazimika. Kijana mmoja akawasha tochi kutoka tulipokaa. Kati ya miti mitano uliwaka mmoja tu, ule wa jezi nyeusi yenye riflekta, ukawaka kama taa.

Kwa hiyo vinahitajika vyote viwili. Rangi ya kung'aa husaidia kukiwa bado na mwanga wa anga. Riflekta husaidia pale mtu anapomulika. Na kichwa ndicho kitu cha maana kuliko vyote, kwa sababu mtu akiwa majini kifua hakionekani. Kinachobaki juu ni kichwa na, akiwa na nguvu, mkono. Kofia moja ya njano yenye ukanda wa riflekta ingenipa mimi vichwa 11 badala ya kilemba kimoja.

3. Taa, hasa wakati wa mazoezi.

Miezi mitatu kabla ya mashindano ghuba yetu hujaa timu zinazojifua. Wanafanya mazoezi alfajiri kwa sababu saa 2 asubuhi wako kazini: wauza samaki, mama lishe, walimu, waendesha bodaboda. Wanaingia majini kungali na kiza, bila taa hata moja, na wanakutana na boti za dagaa zinazorudi, watu wamechoka na usiku mzima wa kazi. Jua likichomoza hatari haiishi, inabadilika sura. Anayevuka kutoka upande wa Kamanga kuja mjini saa ile analitazama jua uso kwa uso, na maji yote mbele yake ni kioo. Mtumbwi ulio chini chini majini unapotea ndani ya ule mng'ao sawasawa na unavyopotea gizani.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo baharini, za mwaka 1972, zimekifikiria hata chombo cha makasia. Kanuni ya 25 inasema kwamba chombo hicho kisipobeba taa za kawaida, lazima kiwe na tochi au taa yenye mwanga mweupe iliyo tayari mkononi, ionyeshwe mapema ili kuzuia mgongano. Kanuni hizo ziliandikiwa bahari, lakini maji ni maji na injini ni injini. Tochi moja nyeupe. Ndicho kitu kidogo kabisa ambacho dunia nzima ilikubaliana kumdai mpiga kasia, nasi hatukidai.

Nasisitiza nyeupe kwa sababu mwaka huu nimeona timu moja imefunga taa za rangi zinazocheza, zile za kwenye bajaji. Nia yao ni njema, ila kwa mbali mtu hajui kama ni mtumbwi, ni boya au ni muziki wa ufukweni.

4. Boti ya uokoaji.

Ile boti ipo kwenye bajeti yenu na imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Mtumbwi ulipopinduka ilikuwa imefungwa gatini, imetoka kuwazungusha wageni na wapiga picha, na tangi la petroli likiwa tupu. Ilitufikia baada ya majeruhi kushushwa nchi kavu. Boti ya uokoaji inayobeba wageni haiokoi mtu. Zaidi ya hilo sina la kuongeza.

5. Majaketi okozi.

Mwaka jana timu ya watu 11 ilipewa manne. Matatu kati yake yalikuwa na mikanda iliyokatika, yamefungwa kwa kamba ya katani. Aliyepanga mgawo ule sijui alitumia hesabu gani.

6. Sisi tunaojitolea.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna anayetusemea.

Siku ya mashindano tunakuwa watu 30 au zaidi. Tunasajili timu, tunapima mitumbwi, tunashika kamba kwenye mstari wa kuanzia, tunakaa kwenye maboya, tunawazuia watoto wasiingie majini, tunaokota chupa za plastiki hadi saa 3 usiku. Hatudai mshahara. Tunafanya kwa sababu ziwa ni letu na mchezo ni wetu; baba yangu alishindana hapa kwa mtumbwi aliouchonga mwenyewe, na nembo ya mdhamini haikuwepo.

Lakini hatuna orodha. Mwaka jana hakuna mtu aliyejua idadi yetu majini, kwa hiyo mimi na kijana wangu tungezama hakuna ambaye angetutafuta. Hatukupewa mafunzo yoyote: jinsi ya kumpandisha mtu kwenye mtumbwi bila kuupindua, nani apigiwe simu kwanza, ishara gani inasimamisha resi. Kijana wangu alijua la kufanya kwa sababu ni mtoto wa mvuvi, wala si kwa sababu ya kamati. Hatuna filimbi, hatuna redio ya mawasiliano; tunatumia simu zetu na vocha zetu, na simu yangu ilikuwa imebaki na chaji kidogo wakati natafuta watu kwa tochi yake. Tulikaa majini tangu saa 3 asubuhi hadi usiku kwa chupa moja ya maji kila mtu. Kijana alipata homa siku iliyofuata. Hajarudi kujiandikisha mwaka huu, mama yake amekataa, na mimi sikuwa na neno la kumwambia mama yule.

Watu wa ziwa hili hawahitaji kufundishwa kujitolea. Ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na kijana Majaliwa Jackson alisimulia jinsi alivyotumia kasia kuwafungulia mlango wa nyuma watu waliokuwa ndani. Watu 24 walitoka hai. Taifa zima lilimpongeza. Moyo huo tunao. Tunachoomba ni vifaa na utaratibu, ili moyo huo usiwe ndio mpango wenu pekee wa uokoaji.

Ndugu Mwenyekiti, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu baadhi nimeshayasikia. Niruhusuni niyajibu mapema.

Mtasema watu wetu wamezaliwa na maji haya, wanajua kuogelea. Wengi wanajua, ni kweli. Lakini kwenda Igoma, kwenye makaburi ya watu wa MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, ni safari ya daladala moja tu kutoka hapa mjini. Na tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka mita chache tu kutoka gati la Ukara, watu zaidi ya 220 walikufa, na usiku ulipoingia kazi ya uokoaji ilibidi isimamishwe hadi asubuhi kwa sababu ya giza. Nchi kavu ilikuwa inaonekana pale, na wenye mitumbwi walikuwepo. Kujua kuogelea hakumpi mtu mwanga wa kuonekana.

Mtasema hakuna bajeti. Riflekta nilizotumia kwenye jaribio langu ni zile za kubandika nyuma ya malori, zinauzwa duka lolote la vipuri barabarani. Nilinunua kwa hela yangu ya kuuza vitumbua, na kipande kilichobaki kimetosha mitumbwi miwili. Turubai la wageni la mwaka jana lilikuwa na mapazia. Siwalaumu kwa kumkirimu mgeni, ni mila yetu. Nawaomba tu mtumbwi nao upate sehemu yake kabla ya mapazia.

Mtasema majaketi yanawapunguzia kasi. Wakivaa wote, wote wanapungua sawa, na mshindi atabaki kuwa mshindi.

Mtasema mgeni rasmi hawezi kuachwa. Mimi naamini mgeni yeyote mwenye busara, akiambiwa kwamba resi imeanza bila yeye ili watu warudi kukiwa na mwanga, ataelewa. Kama hajaelewa, mleteni kwangu kwenye boya, nitamweleza.

Na kuna mjumbe mmoja aliyependekeza kwa nia njema kwamba basi tuhamishe mashindano yote yawe alfajiri. Hilo lisiamuliwe haraka. Ziwa hili mchana husukuma upepo wake nchi kavu na mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka, upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana katikati ya maji, na ndiyo maana radi na dhoruba zetu nyingi za ziwani hupiga usiku wa manane hadi asubuhi. Wavuvi wanalijua hili kwa miili yao. Saa 3 au 4 asubuhi, baada ya kusoma utabiri wa Ziwa Victoria unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ndiyo saa ninayoiona mimi. Lakini waulizeni wazee wa mwalo na uongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, wao wanaijua ghuba kuliko mimi.

Basi tunachoomba ni hiki, na ninaposema "tunaomba" nina saini za manahodha wa timu tisa na za wanaojitolea 22, zimeambatanishwa kwenye nakala niliyowaletea kwa mkono.

Tangazeni saa ya mwisho ya kuanzisha resi, nasi tunapendekeza saa 11 jioni kamili. Ikipita, fainali iliyobaki inafanyika kesho yake, hata awepo nani. Fainali ya wanawake itangulie mwaka huu, au ipigiwe kura ya sarafu hadharani mbele ya timu zote.

Jezi na kofia za mwaka huu ziwe za rangi ya kung'aa na zenye riflekta kichwani na mabegani. Nembo ya mdhamini inakaa vizuri tu juu ya njano. Kila mtumbwi uliosajiliwa uwe na tochi nyeupe isiyoingiza maji na filimbi mbili, kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi. Majaketi okozi yawe sawa na idadi ya watu, yakaguliwe na mtu anayejua, na asiyevaa asiruhusiwe kwenye mstari.

Boti ya uokoaji iwe ya uokoaji, na iwe majini tangu mtumbwi wa kwanza uingie hadi wa mwisho utoke. Wageni watafutiwe boti nyingine. Mialo ya jirani na manahodha wa boti za visiwani waarifiwe siku tatu kabla, na siku yenyewe kuwe na mtumbwi wenye bendera na taa kwenye mlango wa njia ya resi.

Kwa sisi tunaojitolea: orodha ya majina, nusu siku ya mafunzo, chakula, zamu zisizozidi saa nne majini, na mamlaka ya kusimamisha resi. Hili la mwisho nalitaka kuliko yote. Usiku ule niliona giza linaingia, nikasema, nikaambiwa acha wamalize. Mwaka huu nikisema sioni namba, resi isimame.

Naomba jibu la maandishi, libandikwe kwenye ubao wa mwalo kabla ya siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Lisipobandikwa, timu tano zimeniambia hazitarudisha fomu, na mimi sitakwenda kwenye boya. Nimewaza sana kabla ya kuliandika hilo. Lakini sitawahesabu tena watu gizani nikapata kumi.

Yule dada aliyevunjika mtulinga ameanza mazoezi. Bado hawezi kushika usukani, kwa hiyo amekaa mbele akiongoza wimbo. Jumamosi hii kuanzia saa 2 asubuhi tutakuwa mwaloni, chini ya mwembe, tukibandika riflekta kwenye mitumbwi ya timu zilizokubali. Mikasi tunayo, kitambaa cha kufutia mbao tunacho. Mjumbe yeyote mwenye nafasi anakaribishwa, na tochi atapewa ajionee mwenyewe jioni.

Wenu katika mchezo,

Mama wa boya la kugeuzia,
kwa niaba ya manahodha wa timu na wanaojitolea waliosaini.

Nakala: Uongozi wa BMU wa mwalo, manahodha wa timu zote, ubao wa matangazo.